Vipokezi vya kwenye sinapsi havikai mahali pamoja. Je, kujifunza ni kuvikamata vikiwa safarini?

#1 Mwalimu wa Ilula

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na sita huku Iringa, na kila nikifika mada ya neva nakutana na mchoro uleule: nyuroni (seli za neva) mbili zinapokutana, yaani sinapsi, mwanya katikati, upande wa pili vipokezi vimepangwa kwenye mstari, kila kimoja na mahali pake. Nyuroni ya kwanza inamwaga kemikali ya glutameti, vipokezi vinafunguka, sodiamu inaingia, ujumbe umefika. Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, anaondoka akiamini vipokezi vile vimepigiliwa misumari.

Havijapigiliwa. Utando wa seli ni mafuta laini na protini zilizomo zinaelea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Daniel Choquet kule Bordeaux, Ufaransa, lilibandika chembe ndogo kwenye kipokezi kimojakimoja cha aina ya AMPA na kukifuatilia kwa hadubini. Kipokezi kinazurura nje ya sinapsi, kinaingia, kinatulia, kinatoka tena. Sekunde chache zinatosha kuvuka sinapsi nzima, maana upana wake ni nanomita mia chache tu.

Hoja yangu ni hii: mtu anapojifunza jambo, hatua ya kwanza si kutengeneza kitu kipya. Ni kukamata vipokezi vilivyokuwa vinapita na kuvizuia visiondoke, ili sinapsi iimarike, yaani ipitishe ujumbe kwa nguvu zaidi. Anayeona nimepotoka anipinge sasa, kabla sijabadilisha mchoro wangu ubaoni.

#2 Fundi Umeme Uyole

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni mtu wa nyaya, neva niliziacha form four. Huo umeme wa ubongo ni volti ngapi? Nimewahi kusoma ni milivolti 70. Hiyo haiwashi hata taa ya tochi. Sasa inafunguaje mlango wowote?

#3 Kitulo Maua

Fundi, gawanya kwa unene. Utando una unene wa nanomita 5 hivi. Milivolti 70 kwenye nanomita 5 ni uga wa umeme wa volti milioni 14 kwa mita. Hewa kavu inaanza kutoa cheche kwenye milioni 3. Protini iliyokaa ndani ya uga mkali namna hiyo ina sehemu zenye chaji, na uga ukibadilika kidogo sehemu hizo zinasogea, mlango unafunguka.

Ila hiyo ni milango inayofunguliwa na volti. Anayoizungumzia mwalimu, iliyo upande wa kupokea kwenye sinapsi, inafunguliwa na kemikali. Tusiichanganye.

#4 Fundi Umeme Uyole

Nimepiga hesabu kwenye simu, imekuja milioni 14 kweli. Navuta kiti.

#5 Kyela Mchele

Nichangie kidogo. Milango hii inatumia ATP, nishati ya seli, kusukuma ayoni (atomu zenye chaji), ndiyo maana ubongo unakula kama asilimia 20 ya nishati ya mwili wakati uzito wake ni asilimia 2 hivi. Ndiyo maana pia mtoto asiyekula wali wa Kyela darasani anasinzia.

#6 Mwanachuo Iyunga

@Kyela Mchele kwenye asilimia uko sawa, kwenye ATP hapana. Inayokula ATP ni pampu, ile aliyoigundua Jens Skou mwaka 1957: inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, saa zote, hata ukiwa usingizini. Milango haili ATP kusukuma chochote. Ikifunguka, ayoni zinapita zenyewe kutoka zilikojaa kwenda zilikopungua, zikivutwa pia na ule uga wa Fundi. Pampu inahamisha ayoni mamia kwa sekunde. Mlango mmoja wa potasiamu unaweza kufikia karibu milioni 100 kwa sekunde. Pampu inaandaa tofauti, mlango unaitumia.

Na wali wa Kyela uachwe nje ya uzi huu.

#7 Kyela Mchele

Wali wa Kyela hauachwi nje ya chochote, dogo. Endeleeni.

#8 Fundi Umeme Uyole

Kuna kitu kinanisumbua. Nimeangalia vipimo: ayoni ya potasiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.133, ya sodiamu 0.095. Sodiamu ndiyo ndogo. Sasa mlango wa potasiamu unampitishaje mkubwa na kumzuia mdogo? Tundu la kupitisha mkubwa si mdogo angepita bila hata kugusa kingo?

#9 Kitulo Maua

Swali hilo liliwasumbua watu miaka mingi. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake walichapisha umbo la mlango wa potasiamu wa bakteria, akapata Nobel ya Kemia mwaka 2003. Jambo lenyewe liko kwenye maji. Ayoni ndani ya mwili haitembei peke yake, imezungukwa na molekuli za maji zilizoishika. Ili ipite kwenye sehemu nyembamba ya mlango lazima iyavue maji hayo, na kuyavua kuna gharama. Ndani ya mlango kuna atomu za oksijeni zilizopangwa kwa umbali uleule ambao maji hukaa kuizunguka potasiamu, kwa hiyo potasiamu ikivua maji inapokelewa na oksijeni na haipotezi kitu. Sodiamu ni ndogo, haizifikii oksijeni zote vizuri, basi inabaki na maji yake nje. Kwa kila ayoni kama 10,000 za potasiamu zinazopita, ya sodiamu ni moja.

#10 Mwanachuo Iyunga

Nakubali nusu. Hayo maelezo ya umbali kamili yanataka mlango uwe mgumu usiotikisika, na protini zinatikisika kwa umbali unaozidi ile tofauti ya nanomita 0.038. Kuna wanaosema siri ni nguvu ya chaji ya zile oksijeni na idadi yake, si umbali. Halafu kuna ugomvi mwingine ambao haujaisha: ndani ya mlango, ayoni za potasiamu zinapita zikipishana na molekuli za maji, au zinapita zimegusana, moja ikiisukuma nyingine? Tangu mwaka 2014 kuna kundi linaloshikilia kwamba zinagusana. Wengine bado wako na maji.

#11 Kitulo Maua

Oksijeni ziko palepale kwenye hoja zote mbili, dogo. Lakini sawa, naona mantiki.

#12 Mkunga Mstaafu

Wadogo hamjambo, wakubwa shikamooni. Kuna kitu hamjakigusa ambacho mimi nimekishika kwa mikono miaka mingi katika wodi ya wazazi hapa Mbeya, nacho ni magnesiamu.

Mama analetwa na kifafa cha mimba, presha iko juu, macho yamegeuka, povu mdomoni. Dawa ni magnesiamu salfeti. Gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 5 kila tako. Ile ya tako inauma hata ukichanganya na lignokaini ya ganzi, mama asiye na fahamu bado anakunja uso. Mwenye fahamu, ile ya mshipani ikiingia, anakwambia anasikia joto linapanda kifuani mpaka usoni. Kuanzia hapo kazi yangu ni goti. Unapitisha mkono chini ya paja, mguu unaning'inia, unagonga chini kidogo ya kilegesambwa. Mguu ukiruka, dozi inayofuata inaenda. Usiporuka, unasimamisha na kuhesabu pumzi. Zikishuka chini ya 16 kwa dakika, kalsiamu glukoneti iko mezani, ilishaandaliwa kabla hata ya sindano ya kwanza. Na mkojo unaupima, usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, maana magnesiamu inatolewa na figo.

Wengi wao degedege linakoma. Tulifundishwa dozi na tulifundishwa goti, lakini hakuna aliyetuambia kwa nini. Je, ni milango hii mnayoizungumzia?

#13 Mwalimu wa Ilula

Shikamoo mama. Umenipa kitu cha kufundishia.

Pale kwenye sinapsi, kando ya vipokezi vya AMPA, kuna vingine vinaitwa NMDA. Navyo vinafunguliwa na glutameti, lakini ndani ya tundu lake kunakaa ayoni ya magnesiamu na kuziba njia. Hili lilionyeshwa mwaka 1984. Glutameti peke yake haitoshi: mpaka nyuroni inayopokea iwe imeshaamshwa, volti ibadilike, magnesiamu itoke. Kwa hiyo kipokezi cha NMDA kinafunguka pale tu mambo mawili yanapokutana, anayetuma ametuma na anayepokea yuko macho. Na kikifunguka kinaingiza kalsiamu, ambayo ndiyo inayoanzisha kazi ya kukamata vipokezi vya AMPA niliyoitaja post ya kwanza. Degedege ni nyuroni nyingi mno kufyatuka kwa pamoja. Ukiongeza magnesiamu, unaziba matundu mengi zaidi.

#14 Kitulo Maua

Shikamoo mama. Mwalimu, taratibu kidogo. Hayo ni maelezo mojawapo na yana tatizo: magnesiamu ya kwenye damu inaingia kwenye ubongo kwa shida, hata kwenye maji ya uti wa mgongo kiwango kinapanda kidogo tu. Wengine wanasema kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu ya ubongo iliyokakamaa kwa presha. Wengine wanasema inalinda kuta za mishipa ili maji yasivuje kuingia ubongoni.

Na goti la mama ni habari nyingine kabisa. Goti halipimi ubongo. Linapima sinapsi kati ya neva na msuli. Ujumbe ukifika mwisho wa neva, milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inaingia, na vifuko vyenye kemikali vinamwagwa. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kama mara 10,000, kwa hiyo ikipata mwanya inaingia kwa kasi. Kumwaga kunaanza kabla ya milisekunde moja kuisha. Bernard Katz alipata Nobel mwaka 1970 kwa kazi ya namna neva inavyomwaga kemikali hiyo kwa vifuko. Magnesiamu ikizidi inashindana na kalsiamu pale mlangoni, kumwaga kunapungua, mguu hauruki, na baadaye misuli ya kupumulia nayo inagoma. Ndiyo maana dawa ya kuokoa ni kalsiamu.

#15 Mkunga Mstaafu

Kwa hiyo miaka yote nagonga goti nilikuwa naangalia mlango wa kalsiamu. Asante mwanangu, hilo limeingia.

Lakini la mishipa ya damu silikubali haraka hivyo. Dawa za kulegeza mishipa tulikuwa nazo, presha inashuka vizuri, na degedege linarudi palepale.

#16 Mwanachuo Iyunga

Mama ana ushahidi nyuma yake. Mwaka 2002 utafiti ulioitwa Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha magnesiamu inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata wakailinganisha na nimodipini, ambayo inalegeza mishipa ya ubongo hasa, na waliopewa magnesiamu walipata degedege wachache zaidi. Kama ingekuwa ni mishipa tu, nimodipini isingeshindwa.

#17 Kitulo Maua

Nimodipini kushindwa hakuthibitishi NMDA. Kunaonyesha tu kwamba kulegeza mishipa hakutoshi. Ile ya kuvuja bado imesimama.

#18 Kyela Mchele

Tulianza na kumbukumbu, sasa tuko leba. Nipo, naendelea kusoma.

#19 Mkulima wa Umalila

Nami niulize kwa sababu mmetaja milango ya sodiamu. Huku kwetu tunalima pareto. Tukisaga maua makavu, ule unga ukimpata nzi anaanguka chali na miguu inatetemeka, inatetemeka, hafi upesi. Mtoto wangu anayesoma sayansi anasema ni milango ya ayoni. Kweli? Na kwa nini sisi tunaoyachuma kwa mikono mitupu hatuanguki?

#20 Mwanachuo Iyunga

Kweli kabisa mzee. Mlango wa sodiamu wa neva unatakiwa ufunguke na kujifunga ndani ya milisekunde moja au mbili. Sumu ya pareto inauzuia usijifunge. Neva inafyatuka mara nyingi mfululizo bila kuamriwa, na huo ndio mtetemo wa miguu unaouona. Dawa nyingi za kwenye vyandarua zimetengenezwa kwa kuiga sumu hiyohiyo.

Kwa nini wewe huanguki, majibu ni mengi na yote yana uzito. Mlango wa mdudu unaikamata sumu hiyo kwa nguvu kuliko wa kwetu. Ini letu linaivunja upesi. Halafu kuna joto: sumu hii inafanya kazi vizuri zaidi kwenye ubaridi, na sisi damu yetu ni nyuzi 37 wakati nzi ana joto la hapo alipo.

#21 Mkulima wa Umalila

Basi kwa baridi ya huku juu nzi hawana bahati. Nashukuru.

#22 Kitulo Maua

Nzi na mbu nao wanajitetea. Kuna mbu ambao kwenye mlango wao wa sodiamu asidi amino moja tu imebadilika, leusini imekuwa fenilalanini, na sumu haishiki vizuri tena. Protini ina asidi amino kama elfu mbili, na kubadilika kwa moja kunatosha kutuharibia vyandarua.

#23 Kyela Mchele

Mmeongelea pareto, mimi naongelea ulanzi. Watu wa Iringa mnisaidie: mtu akinywa mtogwa, ule mtamu usiochacha, anarudi nyumbani na stori zote. Akinywa mkangafu, ule mkali uliochacha, anarudi nyumbani, anasalimia, anakula, anaongea, asubuhi hakumbuki hata alipita njia gani. Hiyo nayo ni milango?

#24 Mwalimu wa Ilula

Kyela, safari hii umeuliza swali zuri. Pombe inapunguza kazi ya vipokezi vya NMDA na inaongeza ile ya vipokezi vya GABA, ambavyo vinaingiza kloridi na kutuliza nyuroni. Mtu bado anatembea na kuongea kwa sababu AMPA zinapitisha ujumbe wa wakati huo. Lakini kalsiamu haiingii ya kutosha kwenye NMDA, vipokezi havikamatwi, na jambo halihifadhiwi. Kwa hiyo hajasahau. Halikuandikwa.

#25 Mwanachuo Iyunga

Hapo tena umechagua upande mmoja mwalimu. Wapo wanaoona GABA ndiyo mhusika mkuu, na wapo wanaosema pombe inazifanya nyuroni zitengeneze steroidi zake zenyewe ambazo ndizo zinazozuia sinapsi kuimarika.

Na nirudi post namba 1, maana hapo ndipo tunapotofautiana hasa. Unasema vipokezi vinavyopita vinakamatwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 watu waliingiza sumu za botulini na pepopunda ndani ya nyuroni inayopokea. Sumu hizo zinazuia vifuko vya ndani visiungane na utando. Sinapsi ikakataa kuimarika. Maana yake vipokezi vinatoka ndani ya seli, vikiletwa na vifuko. Kama kukamata wapita njia kungetosha, sumu ile isingekuwa na athari.

#26 Mwalimu wa Ilula

Jaribio hilo nalijua, ila halisemi vifuko vinaungana wapi. Wengi wanaona vipokezi vinashushwa kando ya sinapsi, kisha vinatembea kwenye utando mpaka ndani. Mwaka 2017 wenzake Choquet walivifunga vipokezi vya AMPA kwa kingamwili kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ya panya ili visitembee. Vipokezi vipo, vinafanya kazi, lakini havisogei. Sinapsi zikashindwa kuimarika ipasavyo, na panya wakashindwa kujifunza kuogopa mahali walipopigwa shoti. Kama safari haina maana, kuizuia kungeharibu nini?

Wachukueni wamachinga wa Mwanjelwa. Wanazunguka siku nzima, wengine wametoka nyumbani asubuhi, wengine walikuwa barabara ya pili. Wateja wakijaa kona moja, ndipo wanapotandika. Hayo ndiyo ninayoyasema.

#27 Kitulo Maua

Mfano umefika, ila mwambie mwanafunzi anayewazuia ni nani. Kalsiamu ikiingia inawasha kimeng'enya cha CaMKII. Hicho kinabandika fosfeti kwenye protini inayoambatana na kipokezi cha AMPA, na hapo inashikamana na PSD-95, protini iliyojaa chini ya sinapsi.

#28 Sao Hill

Nimesoma kimyakimya tangu jana. Mnabishana upande wa kupokea tu. Bliss na Lømo walipoonyesha mwaka 1973, kwa sungura kule Oslo, kwamba sinapsi inaimarika na kubaki hivyo kwa saa nyingi, swali la kwanza lilikuwa ni upande gani umebadilika. Watu wakagombana miaka ishirini na zaidi: anayetuma anamwaga zaidi, au anayepokea anasikia zaidi? Kuna sinapsi kwenye ubongo ambako ni anayetuma, hilo halina ubishi. Hata milango ya kalsiamu ya upande huo nayo imeonekana inatembea kwenye utando wake.

Na kuna hoja ya tatu siioni hapa. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba mahali vifuko vinapomwagia glutameti na mahali vipokezi vilipojikusanya vinatazamana, ng'ambo kwa ng'ambo ya mwanya wa nanomita 20 hivi. Kipokezi cha AMPA kinahitaji glutameti nyingi kwa mpigo ili kifunguke, kikiwa pembeni kidogo hakipati. Kwa hiyo unaweza kuimarisha sinapsi bila kuongeza hata kipokezi kimoja. Unavisogeza tu vikae mbele ya mmwagiko.

#29 Mwanachuo Iyunga

Hiyo ya #28 inaniuma kwa sababu inaharibu hesabu za pande zote mbili.

#30 Dada wa Vwawa

Habari zenu. Sina elimu hiyo ila jambo hili limeingia nyumbani kwetu. Binamu yangu, binti mdogo tu, alianza kuona watu wasiokuwepo. Halali, anatukana wazee, mdomo unatafunatafuna hewa. Nusu ya ukoo wakasema karogwa, nusu wakataka aombewe. Alipozungushwa kwa waganga akapata degedege. Hospitali ya kwanza wakamwandikia ugonjwa wa akili. Ya mwisho, mbali na hapa, wakachukua maji ya mgongo, wakapima tumbo, wakakuta uvimbe kwenye ovari. Wakasema mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya kipokezi cha NMDA. Walitoa uvimbe, wakampa steroidi. Ilichukua miezi. Leo yuko dukani kwake anauza, ila zile wiki zote hana hata moja kichwani.

Nilipoona NMDA kwenye uzi huu nikasoma mpaka chini. Je, vipokezi vyake vilikufa?

#31 Kitulo Maua

Pole dada, na nafurahi amepona. Havikufa. Ugonjwa huo ulielezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, na uvimbe wa ovari ni chanzo kimojawapo kinachojulikana, hasa kwa wanawake vijana. Kingamwili moja ina mikono miwili, inashika vipokezi viwili na kuvifunga pamoja. Vikishafungwa, seli inavimeza kutoka kwenye utando. Sinapsi zinabaki, nyuroni ziko hai, ila NMDA zimepungua nje. Kingamwili zikiondolewa, vipokezi vinarudi polepole, ndiyo maana amepona na ndiyo maana ilichukua miezi. Wiki zile hazimo kwa sababu anayehifadhi hakuwepo kazini.

Naomba niongeze kwa wanaosoma kutoka Mbozi na Mbeya Vijijini: degedege kwa mtu mzima huku kwetu lina sababu nyingine ya kutafutwa mapema, tegu la nguruwe. Mayai yake yakiingia mwilini kwa chakula au mikono michafu, vifuko vyake vinaweza kukaa kwenye ubongo. Hapo kasoro haikuanzia kwenye mlango wa ayoni, ingawa dawa ya kifafa utakayopewa, kama kabamazepini, inafanya kazi kwenye milango ya sodiamu. Tumpeleke mgonjwa hospitali kabla ya kumzungusha kwingine.

#32 Mkunga Mstaafu

Hilo la mwisho lisomwe mara mbili. Pole sana binti yangu wa Vwawa.

#33 Dada wa Vwawa

Asanteni. Nitamsomea mama yake #31.

#34 Fundi Umeme Uyole

Mimi nina swali moja la mtu wa nyaya. Mmesema kipokezi kinakamatwa, sawa. Lakini protini zinachakaa. Kipokezi kinaishi siku ngapi? Kama ni siku chache, mbona nakumbuka nyumba ya kwanza niliyofunga umeme Isanga mimi na mzee wangu, hadi rangi ya waya?

#35 Sao Hill

Fundi, umeuliza alichouliza Francis Crick, yule wa DNA, mwaka 1984: molekuli za ubongo zinabadilishwa kila baada ya siku, wiki au miezi, kumbukumbu inadumuje miaka? Baadhi walisema kuna kimeng'enya kinachojiwasha chenyewe na kuwasha kipya kinachokuja. CaMKII ilipewa kazi hiyo. Baadaye PKM-zeta ikapewa. Mwaka 2013 panya waliozaliwa bila PKM-zeta wakajifunza na kukumbuka vizuri tu. Watetezi wake wakajibu kwamba kimeng'enya ndugu kilishika nafasi. Wengine wanasema kinachodumu ni umbo na ukubwa wa sinapsi yenyewe.

#36 Mwalimu wa Ilula

Mimi nasema kinachodumu ni nafasi. Vipokezi vinaingia na kutoka, lakini idadi ya mahali pa kukamatia inabaki. Kipokezi kikitoka kingine kinakalia.

#37 Mwanachuo Iyunga

Mwalimu, nafasi ni PSD-95, nayo ni protini inayochakaa kama nyingine. Tena mwaka 2006 waliifuatilia ndani ya ubongo wa panya aliye hai na kuona inahama kutoka sinapsi moja kwenda ya jirani ndani ya dakika na saa. Sinapsi kubwa ziliishikilia muda mrefu kuliko ndogo. Kwa hiyo hata hizo nafasi unazozitegemea zinatembea.

#38 Mwalimu wa Ilula

Umesema mwenyewe kubwa zinaishikilia muda mrefu zaidi. Nini kinaziwezesha? Jibu hilo, kisha tuone nani anafuta nini ubaoni.